Kompyuta imekufa mara mbili, na lawama zote ziko kwa kijana

Mshauri, salaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Bombo, hapa Uganda, na naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijagawanyika kwa sababu ya mashine. Mume wangu ni askari mstaafu. Alipopata kiinua mgongo chake alitenga sehemu akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, ili watoto wetu wanne waitumie kwa masomo na mimi niandike humo hesabu za biashara yangu ya vitenge. Tuliiweka sebuleni, kwenye kona kati ya kabati na ukuta. Niliifunika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, maana vumbi jekundu la huku kwetu linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Mara ya kwanza ilikufa usiku wa mvua, mwezi wa Aprili. Hakuna aliyekuwa akiitumia, tulikuwa tumeizima tangu jioni. Radi ilipiga, umeme ukakatika, na asubuhi kompyuta ikakataa kuwaka. Fundi alibadilisha pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachoipa kompyuta umeme. Nilimweleza pia kwamba nikigusa bodi yake ya chuma vidole vinasisimka, akaniambia nivae ndara ninapoitumia. Tunaichomeka kwenye ekstensheni moja na televisheni na ruta, na asubuhi watoto wakijiandaa kwenda shule hata pasi inachomekwa hapo hapo.

Mara ya pili ndiyo iliyotuumiza. Wakati wa likizo kijana wangu wa Senior 3 alikwenda kwenye kibanda cha filamu akajaziwa flashi filamu zilizotafsiriwa kwa sauti na ma-VJ, wale wasimulizi wa filamu. Alipoichomeka nyumbani, mafolda yote ya kwenye flashi yakageuka kuwa vialama vyenye mshale, na kompyuta ikaanza kuwa nzito. Akataka kusaidia, akashusha kutoka intaneti programu ya kusafisha kompyuta, na hapo matangazo yakaanza kujitokeza yenyewe. Tukaipeleka kwa fundi mwingine, ikiwa bado inawaka. Yeye akapiga Windows upya siku hiyo hiyo. Iliporudi ilikuwa nyepesi kweli, lakini ndani hamkuwa na kitu chetu. Utafiti wa binti yangu mkubwa, aliye mwaka wa mwisho chuo kikuu, umepotea. Hesabu zangu zimepotea. Picha za marehemu mama yangu, zilizopigwa kwa simu ambayo nayo iliibwa, zimepotea.

Binti aliiwasha mara chache kutafuta kazi yake, hakuona kitu. Mzee wangu kwa hasira ameichukua yote akaifungia stoo, na ufunguo anatembea nao. Amesema kijana ndiye aliyeiua mara zote mbili na hataigusa tena. Kijana hali vizuri, wala hasemi na baba yake.

Niambie ukweli: ni kosa la kijana? Nimshawishije mzee aifungue? Na tukiifungua, tufanye nini isife mara ya tatu? Pesa ni kidogo, kwa hiyo nataka kujua cha kununua kwanza.

Mama wa Wanne, Bombo

Dada yangu Mama wa Wanne, waaleikum salaam. Pole sana, na pole zaidi kwa picha za mama.

Ombi la kumshawishi mzee afungue stoo uliweke kando kwanza. Kompyuta ibaki humo humo. Mzee aliifungia kwa hasira, lakini kwa kuifungia amefanya jambo lenye faida kuliko yote waliyoyafanya mafundi wawili, na huenda akawa ndiye aliyeokoa utafiti wa binti yake.

Nieleze sababu. Fundi anapopiga Windows upya kwenye hadidiski ya kawaida, yaani chombo cha ndani kinachohifadhi mafaili, yale mliyoyahifadhi hayafutiki yote papo hapo. Kinachofutwa kwanza ni orodha inayoionyesha kompyuta kila faili liko sehemu gani ya diski. Yaliyomo yanabaki pale pale hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Tatizo ni kwamba Windows inaandika vitu muda wote, hata kama umekaa tu unaiangalia. Kila binti alipoiwasha kutafuta kazi yake, sehemu fulani ya diski iliandikwa upya. Mzee alipoifungia, kuandika kukakoma. Kwa hiyo asiiwashe mtu yeyote, hata dakika moja, hata kwa kujaribu.

Kinachotakiwa ni kuitoa diski yenyewe na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine ikiwa diski ya pili, isiyoendesha Windows. Kisha ipitishwe programu ya kufukua mafaili. PhotoRec ni ya bure na inafanya kazi nzuri, Recuva nayo ina toleo la bure. Yanayopatikana yahifadhiwe kwenye diski tofauti kabisa, kamwe si kwenye ile ile inayofukuliwa. Binti ajiandae kwa uvumilivu, kwa sababu PhotoRec hairudishi majina ya mafaili. Itamletea maelfu yenye namba tu, na itabidi atafute kwa maneno yaliyomo ndani ya utafiti wake. Picha huwa rahisi zaidi kuzitambua, kwa hiyo kuhusu za mama usikate tamaa mapema.

Kuna hali mbili ambazo matumaini hupungua. Kama diski ni SSD, yaani ile isiyo na sehemu inayozunguka, Windows za sasa huiamuru isafishe nafasi zilizofutwa, na mara nyingi hakuna kinachorudi. Na kama ni ya kuzunguka lakini inatoa mlio wa kugongagonga, isijaribiwe nyumbani hata kidogo. Mlio huo maana yake sehemu za ndani zimeanza kuharibika, na kila dakika ya kuizungusha inaharibu zaidi.

Wakati diski inasubiri, binti atafute kazi yake mahali pengine. Alimtumia msimamizi wake sura yoyote kwa barua pepe? Msimamizi anayo, na folda ya barua zilizotumwa nayo inayo. Alituma kipande kwa rafiki kwenye WhatsApp? Apekue mazungumzo hayo. Alichapisha sura za mwanzo kwenye duka la kuchapia karibu na chuo? Aende leo, si wiki ijayo. Maduka hayo mara nyingi huacha faili la mteja kwenye kompyuta yao mpaka siku wanapofanya usafi.

Sasa kijana.

Kifo cha kwanza hakimhusu kabisa, na nitakisema hivi hata mbele ya mzee. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini bado imechomekwa ukutani haijaachana na umeme. Pawa saplai inaendelea kupeleka volti 5 kwenye mazabodi, bodi kuu ya ndani, ili iwe tayari kuitika mtu akibonyeza kitufe. Nchi yetu iko kwenye ikweta na pembeni mwa Ziwa Victoria, moja ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na radi haihitaji kupiga paa lako ndipo ikudhuru. Ikipiga karibu na nyaya za mtaa, msukumo wa umeme unasafiri kwenye waya hadi sebuleni. Aprili ni katikati ya mvua kubwa. Mngekuwa mmechomoa plagi, pawa saplai ile ingeamka salama.

Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu swichi inaacha nafasi ndogo mno ya hewa ambayo msukumo wa radi unaweza kuiruka. Chomoa plagi yenyewe, na uchomoe ruta pia. Kama kuna waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta, au waya wa antena unaoingia kwenye televisheni iliyo kwenye ekstensheni hiyo hiyo, nao utolewe, maana radi huingia hata kwa njia hiyo. Fanyeni hivyo mawingu ya mvua yanapojikusanya, kabla hamjasikia ngurumo. Ngurumo zikishasikika, mtu yeyote asiguse plagi wala waya wowote. Kompyuta inanunulika.

Hata umeme ukikatika bila mvua, zoezi ni hilo hilo. Unaporudi, kila friji na kila mota ya mtaa inaanza kwa pamoja, na volti zinayumba kabla ya kutulia kwenye 240 zetu za kawaida. Subirini dakika kadhaa ndipo mchomeke.

Lakini lililonishtua katika barua yako ni jambo uliloliandika kwa mstari mmoja: vidole vinasisimka ukigusa bodi. Dada yangu, hapo usivae ndara, mtafute fundi wa nyaya. Pawa saplai ya kompyuta huvujisha umeme mdogo kwenye bodi ya chuma, na waya wa ardhi, ule unaoingia kwenye pini ndefu ya juu ya plagi, ndio wenye kazi ya kuuondoa. Ukiusikia kwenye vidole, waya huo haufanyi kazi mahali fulani. Umeme huo mdogo unaweza usimdhuru mtu. Hatari ni siku ambayo kitu kitaharibika ndani na bodi nzima ipate volti 240, na mtoto awe ameishika akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Ukosefu huo wa waya wa ardhi pia unaidhoofisha karibu kila kinga ya umeme utakayoinunua, kwa maana nyingi hutegemea kuutupa msukumo huko.

Anza na ekstensheni. Ziko nyingi za bei ya chini zenye matundu matatu nje na nyaya mbili tu ndani. Mwombe fundi aifungue aangalie. Kama ekstensheni ni nzima, basi tatizo liko kwenye soketi au kwenye nyaya za nyumba, na hiyo si kazi ya fundi wa kompyuta. Ni kazi ya fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme nchini. Na ule mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie uachwe kabisa katika nyumba yenye watoto.

Pasi itafutiwe soketi yake. Plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000, na pasi peke yake huweza kula zaidi ya wati 1,000. Kila inapowaka na kuzima kwa kujirekebisha joto, volti kwenye ekstensheni hiyo zinashtuka, na kompyuta inashtuka nazo.

Kabla sijaondoka kwenye umeme: kwa vile mashine yenu imetumika kwingine, angalieni mgongo wa ile pawa saplai mpya. Baadhi zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kwetu lazima kiwe 230. Kikiwa 115, ukiichomeka tu inalipuka kwa mlio na moshi. Watoto hupenda kuchezea kiswichi hicho kwa kuwa ni chekundu, kwa hiyo kibandikwe karatasi ya gundi.

Kuhusu kitambaa chako. Najua sebule ya mama wa Kinubi ilivyo, na najua kazi ya mikono inavyopendeza juu ya kitu cha thamani. Kitambaa kikae juu ya kompyuta iliyozimwa na kupoa, si iliyowaka. Inapofanya kazi inavuta hewa baridi mbele na kuitoa ya moto nyuma au ubavuni, na kwenye kona mliyoiweka, kati ya kabati na ukuta, ile ya moto haina pa kwenda. Joto halitaiua siku moja. Litaifanya ijipunguzie kasi, mtalalamika kuwa imezeeka, na baada ya muda vipande vya ndani vitaanza kuchoka. Iacheni nafasi ya kiganja kizima kila upande, iwe juu ya meza au kibao badala ya sakafuni, na mbali na moshi wa sigiri, kwa sababu moshi wa jikoni una mafuta na vumbi likikutana na mafuta linaganda kwenye feni.

Vumbi lenyewe liondolewe mara moja au mbili kwa mwaka. Ipelekwe nje ikiwa imechomolewa, ifunguliwe ubavu, ipulizwe kwa bloa kwa mbali kidogo. Feni izuiwe kwa kijiti isizunguke wakati wa kupuliza, kwani ikizungushwa kasi kupita kiasi huharibika. Maji, sabuni na petroli visikaribie. Skrini inataka kitambaa laini kikavu, basi.

Tuje kwenye kifo cha pili, ambacho kijana anahusika nacho kidogo. Kirusi kinachogeuza mafolda kuwa vialama vyenye mshale ni cha zamani na kinajulikana sana. Kinachofanya ni kuficha mafolda halisi ya flashi na kuweka mahali pake njia za mkato za bandia, ili ukibofya kwa kutafuta filamu yako uwe umekiwasha kirusi chenyewe. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu, na fundi mwenye uzoefu huyafichua kwa amri moja. Kutoka hapo kirusi kikaingia kwenye kompyuta. Kisha ile programu ya kusafisha ikaleta matangazo. Yote mawili yalikuwa kero, na yote mawili yalitibika.

Uliandika kwamba mlipoipeleka kwa fundi ilikuwa bado inawaka. Hapo ndipo penye jibu lako. Kompyuta inayowaka, hata ikiwa imejaa virusi, unaweza kuinakili. Na hata isiyowaka, diski yake hutolewa na kunakiliwa kwenye nyingine. Utafiti wa binti haukufutwa na flashi ya kijana. Ulifutwa na mkono uliopiga Windows upya bila kuuliza kuna nini ndani, na ulikuwa katika hatari tangu siku alipoanza kuuandika, kwa sababu nakala ilikuwa moja tu. Radi ya Aprili nayo ingeweza kuichukua diski badala ya pawa saplai. Mwizi angeweza kuibeba mashine yote.

Hili ndilo ninalotaka mlichukue kuliko yote mengine niliyoandika. Nyumba nyingi zinailinda kompyuta yenyewe kwa vitambaa, kufuli na makaripio, na kile kilichomo ndani, ambacho hakiuzwi duka lolote Kampala, kinaachwa bila nakala. Kanuni wanayoitumia wanaotunza data kwa kazi ni hii: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Kwenu inawezekana bila gharama kubwa. Ya kwanza iko kwenye kompyuta. Ya pili iwe kwenye hadidiski ya nje, inayochomekwa siku ya kunakili tu na kisha kurudishwa kabatini. Ikiachwa imechomekwa, radi na virusi vitazichukua zote mbili kwa pamoja, na hapo mtakuwa mmenunua diski bure. Ya tatu iwe mtandaoni: akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, na hizo zinatosha kwa utafiti, hesabu za vitenge na picha kadhaa za mama, ingawa si kwa filamu. Filamu ziacheni, zinapatikana tena kibandani.

Usitegemee flashi kwa nakala ya kudumu. Inafaa kusafirisha kitu kutoka hapa hadi pale, lakini inapotea, inaazimwa, na hufa bila dalili.

Flashi zinazotoka nje zisipigwe marufuku, maana watoto watazichomeka kwa siri na hutajua. Sheria iwe kwamba ikichomekwa haifunguliwi hadi iskaniwe. Windows 10 na 11 zina antivairasi yake ndani, Microsoft Defender, isiyolipiwa, na kwa nyumba yenu inatosha ikiwa imewashwa na inasasishwa. Msirundike antivairasi mbili tatu juu yake, zitagombana na mashine itakuwa nzito tena. Programu za kusafisha kompyuta hamzihitaji hata moja. Tangazo likitokea kwenye skrini likisema una virusi 40, bonyeza hapa au piga namba hii, lifungwe tu. Tovuti haiwezi kuona ndani ya kompyuta yako. Na mtu asije akafungua folda ya Windows na kuanza kufuta vitu asivyovijua ili kupata nafasi. Nafasi ikiisha, hamisheni filamu.

Muulize pia yule fundi wa pili kama Windows na Office alizoweka ni halali au amezivunja kwa kraki, yaani programu za kukwepa malipo. Naliuliza kwa sababu kraki nyingi hukutaka kwanza uzime antivairasi ndipo zifanye kazi, na hiyo ni sawa na mgeni wa usiku anayeomba umfunge mbwa kabla hajaingia. Kwa barua, hesabu na utafiti, LibreOffice ni ya bure, ni halali, na inafungua mafaili ya Word na Excel. Mpangilio wa kurasa huweza kusogea kidogo, kwa hiyo binti aupitie kabla ya kuchapisha.

Masasisho ya Windows msiyazime. Naelewa kwa nini watu wengi hapa Uganda huyazima: data ni ghali, na tangu Julai 2021 tunailipia kodi ya asilimia 12 juu. Lakini kumbuka kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kilichofunga kompyuta katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kinga yake tangu Machi mwaka ule, miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao hawakuiweka. Cha kufanya ni kwenda kwenye mipangilio ya mtandao na kuiambia Windows kwamba muunganisho huu ni wa kulipia kwa kipimo. Itaacha kushusha mizigo mikubwa ovyo, na mara moja kwa mwezi, mkiwa na bando au mahali penye Wi-Fi ya bure, mnaruhusu. Kama ni Windows 10, jueni kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 mnayoweza kujiandikisha. Baada ya hapo, ikiwa mashine ni ya zamani mno kwa Windows 11, Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, ni ya bure na itaendesha kila mnachohitaji nyumbani.

Kila mtoto afunguliwe akaunti yake ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Nenosiri la akaunti kuu liwe kwako wewe na mzee. Kwa hilo moja, ile programu ya kusafisha isingeweza kujipachika kwenye mfumo bila kuja kuuliza nenosiri kwako.

Uliuliza cha kununua kwanza. Kwanza waya wa ardhi na ekstensheni nzuri, kwa sababu hapo kuna maisha ya watu. Pili hadidiski ya nje. UPS, yaani boksi la betri linaloshikilia umeme unapokatika, ni ya tatu, na wauzaji watakuambia ni ya kwanza. Faida yake ni kuwapa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri umeme unapokatika, kwa sababu kukatika ghafla wakati diski inaandika huharibu mafaili. Ulizia ya VA 650 au zaidi, yenye kirekebisha volti ndani yake, ndipo hutahitaji stabilaiza ya pekee. Betri yake huchoka baada ya miaka michache na hubadilishwa, usitupe UPS nzima. Hata hiyo haizuii radi iliyopiga karibu. Kuchomoa plagi kunabaki pale pale, na hakuna bei.

Mzee wangu, kama unasomewa barua hii, naomba nikuambie kwa heshima yako yote. Ulitoa jasho la miaka ukawanunulia watoto mlango wa elimu, na hasira yako ina haki. Lakini kijana hakuiua mara ya kwanza, na mara ya pili alifanya kosa dogo ambalo watu wazima wenye ofisi hulifanya kila siku, kisha akajaribu kulirekebisha kwa ujuzi alio nao. Mwite, mwambie umelijua hilo. Kompyuta itakaporudi sebuleni, mpe yeye kazi ya kunakili kila Jumamosi kwenye hadidiski ya nje, na kazi ya kuchomoa mawingu ya mvua yakijikusanya, kabla ya ngurumo, nawe ukague.

Dada yangu, diski ikishatolewa, soma kibandiko chake kabla mtu hajaichomeka popote. Niandikie kilichoandikwa: jina la mtengenezaji, ukubwa wake kwa GB au TB, na kama pana neno SSD au namba ya mizunguko, kwa kawaida 5400 au 7200. Niambie pia binti aliiwasha kwa muda gani kwa jumla na kama alishusha au kuweka chochote. Nikipata hayo nitakuambia kama inafaa kijana na binti waifukue wenyewe kwa PhotoRec hapo Bombo, au muilete Kampala kwa mtu anayefanya kazi hiyo tu.